Haikuwa karuho, ulikuwa moyo

Umoja uliomba kila kikundi kiandike jambo moja la afya lililokigusa. Sisi hatukuhitaji kutafuta mbali. Tuna jambo letu, na sehemu yake inatutia haya hata leo, lakini mwenzetu mwenyewe amekubali tuliandike, mradi jina lake libaki nyumbani.

Sisi ni wamama 18. Wengi wetu tunafundisha shule ya msingi, wengine wanauza sambaza na makala katika soko la Kadutu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunakutana kwa ajili ya likelemba: tunahesabu franka, tunampa mwenye zamu, tunakunywa chai, tunacheka. Siku ile tulikutana kwa mwenzetu anayekaa juu kabisa, na mnazijua njia za Bukavu, ukiiacha barabara unapanda ngazi za udongo mpaka magoti yanaomba msamaha. Mama tunayemsema hapa alifika wa mwisho. Mtoto wake wa nne alikuwa na majuma saba. Alisimama mara tatu njiani, akaingia akiwa amevaa makandambili ya mumewe kwa kuwa viatu vyake havikumwingia tena, akaketi bila kusalimia. Alipumua kama mtu aliyepanda kutoka ziwani na bidoni mbili.

Tulimcheka. Tulisema mtoto wa kiume amemnyonya nguvu zote. Akatuambia kwamba usiku hawezi kulala chali, akilala anakohoa na kukosa hewa, basi anaketi ameegemea ukuta mpaka asubuhi. Mmoja wetu akamshauri ale supu ya sambaza yenye chumvi ya kutosha ili maziwa yaongezeke. Wote tuliitikia kwamba ndiyo, supu ni nzuri. Leo tukikumbuka ile supu tunatazamana tu.

Alikwenda kwenye kituo kimoja cha afya, akapewa dawa ya minyoo na vitamini. Hawakumpima tansiyo, wala hawakusikiliza kifua chake. Baada ya siku kumi miguu ilikuwa imevimba mpaka magotini, na tumbo nalo likaanza kujaa. Ndipo neno likatamkwa. Sisi wa Bukavu tunalijua neno lile, na mtu akivimba na kukonda kwa wakati mmoja, halikawii: karuho. Mtu amemtegea sumu. Nani? Ilikumbukwa kwamba siku aliyotoka materniti, koko mmoja jirani, mjane anayekaa peke yake, alimletea uji wa mtama ndani ya bakuli la bati. Hiyo ilitosha.

Hatukusema kwa sauti kwamba ni koko. Lakini hatukusema kwamba si yeye. Tuliacha kumsalimia asubuhi tunapopita kwenda shuleni. Watoto, ambao huona yote, walianza kurusha mawe juu ya mabati yake, na wawili kati yao walikuwa wa madarasa yetu. Familia ilimpeleka mgonjwa kwa mganga, akapewa dawa ya kutapisha ili sumu itoke. Alitapika siku mbili. Usiku wa tatu midomo yake ilibadilika rangi, akashindwa kumaliza sentensi moja, na wanaume wanne wakamshusha mlimani ameketi juu ya kiti cha mbao, maana kulala hakuweza.

Hospitalini tulimkuta daktari kijana, mwanamke. Alimwekea hewa ya oksijeni, akampa sindano ya kukojoza maji, na asubuhi akampima moyo kwa ekografi. Kisha akatuita sisi watatu tuliokesha, pamoja na mume, akatuonyesha kile kioo. Chumba cha kushoto cha moyo kilikuwa kimetanuka na kilijibana kidogo tu, kama mkono wa mtu aliyechoka kufua. Akasema ni ugonjwa wa moyo wa uzazi. Hushika mama karibu na mwisho wa mimba, au katika miezi ya kwanza baada ya kuzaa, hata kama moyo wake haukuwa na shida yoyote zamani. Hupenda zaidi mama aliyepita miaka 30, aliyezaa mara nyingi, aliyebeba mapacha au aliyepanda tansiyo wakati wa mimba, ingawa hata binti wa mimba ya kwanza anaweza kushikwa. Na ubaya wake ni kwamba dalili zake zinafanana na uchovu wa kila mzazi. Nani hana miguu mizito? Nani halali vibaya akiwa na mtoto mchanga? Lakini kukosa hewa ukilala chali, kuamka usiku ukitafuta dirisha, hiyo si uchovu wa kunyonyesha.

Alimwandikia dawa za aina nne. Moja ya kukojoza maji, mbili za kupunguzia moyo kazi, na ya nne kidonge kidogo kiitwacho spironolaktoni. Mume akauliza swali ambalo wote tulikuwa nalo: kama ile ya kwanza tayari inakojoza, hii ya nne ni ya nini? Ilikuwa ghali kwake kununua zote. Daktari akavuta karatasi akachora. Tulirudi nyumbani na karatasi ile, na kwa kuwa sisi ni walimu na hatupendi kufundishwa nusu, tuliendelea kusoma na kumsumbua kwa maswali juma baada ya juma. Yafuatayo ndiyo tuliyoelewa.

Moyo ukisukuma kidogo, damu kidogo ndiyo inafika kwenye figo. Sasa figo hazina macho. Haziwezi kuona kwamba miguu imejaa maji. Zinaona tu kwamba damu imepungua, basi zinadhani mama anatokwa damu, au amekosa maji, na zinapiga kelele ya msaada. Kelele ile inazifikia tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, nazo zinatoa homoni iitwayo aldosteroni. Kazi ya aldosteroni ni kuuambia mwili: shika chumvi, usiiache itoke. Chumvi ikibaki, maji yanabaki nayo. Kwa mama anayetoka damu kweli baada ya kuzaa, homoni hiyo ni msaada. Kwa mama ambaye moyo umelegea, ni kumwaga maji ndani ya nyumba iliyokwisha kufurika. Maji yanashuka miguuni, yanapanda mapafuni.

Homoni hiyo ilitengwa kutoka kwenye tezi za ng'ombe, mwaka 1953, na kikundi ambamo alikuwemo mwanamke, Sylvia Simpson, aliyefanya kazi London pamoja na James Tait, wakishirikiana na wataalamu wa Basel, Uswisi. Baadaye alikuwa mke wa huyo Tait. Tunalitaja kwa sababu wasichana wetu wa darasa la sita walifurahi kulisikia.

Sasa homoni inaongea vipi na mwili? Hapa ndipo tulipochelewa kuelewa, na ndipo penye siri ya kidonge cha nne. Homoni nyingine ni kama mgeni anayebisha mlango. Insulini, kwa mfano, inasimama nje ya ukuta wa seli, inagonga, na wa ndani wanapokea ujumbe. Aldosteroni haibishi. Iko katika jamii ya mafuta, basi inapenya ukuta na kuingia. Ndani inakuta kiti chake kinaisubiri, kiti ambacho wataalamu wanakiita kipokezi. Inaketi, na kiti pamoja na aliyeketi vinasogea mpaka kwenye kiini cha seli, kule ambako vitabu vyote vya urithi wetu vimehifadhiwa, na vinafungua kurasa fulani na kufunga nyingine. Wamama walimu watatuelewa: si mkaguzi anayetuma barua. Ni mkaguzi anayeingia ofisini, anaketi kwenye kiti cha mkurugenzi, anachukua ratiba na kuiandika upya kwa mkono wake. Akitoka saa sita, ratiba yake inabaki.

Viti vya namna hiyo viko 48 katika mwili wa binadamu. Vinaitwa vipokezi vya kiini. Vitamini A ina chake, vitamini D ina chake, homoni ya shingo, homoni ya kike, homoni ya wasiwasi iitwayo kortisoli, kila moja. Moyo nao unavyo vingi, na kulingana na nani ameketi, seli ya moyo inaweza kujilinda au kujiumiza.

Kile kiti cha aldosteroni kikiwa kwenye figo, kurasa zinazofunguliwa zinasema: shika chumvi, achia potasiamu. Lakini kiti hichohicho kimo pia ndani ya seli za moyo na za mishipa, na kule kurasa zinazofunguliwa ni nyingine. Kule zinasema: leta uvimbe, suka nyuzi ngumu, tengeneza kovu. Kovu kwenye kidole kilichokatwa na kisu cha sombe ni jambo jema. Kovu ndani ya moyo ni jambo jingine, maana moyo kazi yake ni kutanuka na kujibana, na kovu halijui kutanuka. Moyo uliojeruhiwa unazidi kujifunga kwa nyuzi zake wenyewe, unasukuma kidogo zaidi, figo zinapiga kelele zaidi, aldosteroni inaongezeka. Mduara.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliwapa panya aldosteroni kwa majuma kadhaa. Panya waliopewa pamoja na chumvi nyingi, mioyo yao iliota makovu. Waliopewa homoni ileile lakini chumvi kidogo, hawakupata. Tulipolisoma hilo tulikumbuka supu yetu ya sambaza, na makayabo, na kile kipande cha kiungo cha dukani tunachokivunja ndani ya kila sufuria. Tulikumbuka pia habari ya Zaria, kaskazini mwa Nigeria, ambako katika miaka ya 1970 madaktari waliandika juu ya wazazi wengi waliovimba na kukosa hewa. Desturi ya huko ilikuwa kumlisha mzazi chumvi ya mawe iitwayo kanwa, kwa siku 40, na kumlaza juu ya kitanda cha udongo kilichopashwa moto. Hatusemi chumvi peke yake ndiyo inaleta ugonjwa huu. Mama wengi wamekunywa supu ile wakapona vizuri. Tunasema kwamba kwa moyo ambao tayari umelegea, chumvi ni kuni.

Mwaka 1987, huko California, katika taasisi ya Salk, kikundi cha Ronald Evans kilifaulu kupata jeni la kiti hicho cha aldosteroni. Wakakuta jambo la ajabu. Kortisoli, ile homoni ya wasiwasi ambayo mwili unayo kwa wingi kuliko aldosteroni, inaweza kuketi katika kiti hicho vizuri sawasawa na mwenyewe. Kwenye figo kuna mlinzi mlangoni, kimeng'enya kinachoigeuza kortisoli isiweze kuketi. Seli za misuli ya moyo hazina mlinzi huyo wa kutosha. Kwa hiyo katika moyo kiti hakikai bure: wenye kukitaka ni wawili. Ndiyo maana haitoshi kupunguza aldosteroni tu katika damu. Ni lazima kiti chenyewe kilindwe. Mwaka 2011 watafiti wa Ujerumani walitengeneza panya waliokosa kiti hicho katika seli za misuli ya moyo tu, mahali pengine pote kikabaki. Walipowajeruhi moyo kwa kuziba mshipa, jeraha lao lilipona vizuri zaidi kuliko la panya wa kawaida, na moyo haukutanuka sana.

Spironolaktoni inafanya hilo bila kuondoa kiti. Inaingia ndani ya seli, inaketi kwenye kiti, na haifanyi kitu. Haifungui kurasa zile. Ni kama mama mzee anayeketi kwenye kiti cha mbele kanisani na kuweka kitenge chake kando: hasemi neno, lakini asiyetakiwa hapati mahali.

Dawa hii si mpya, ipo tangu mwisho wa miaka ya 1950, na kwa muda mrefu madaktari waliitumia kama dawa ya kukojoza tu. Mambo yalibadilika mwaka 1999, ulipochapishwa uchunguzi ulioongozwa na Bertram Pitt wa Marekani. Wagonjwa 1,663 wenye moyo dhaifu sana, kutoka nchi 15, waligawanywa: nusu waliongezewa spironolaktoni juu ya dawa zao, nusu wakapewa kidonge kisicho na kitu. Baada ya wastani wa miaka miwili, kati ya watu 100 waliopewa kidonge kitupu walikufa 46. Kati ya 100 waliopewa dawa walikufa 35. Uchunguzi ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu tofauti ilikuwa wazi. Na dozi ilikuwa kiasi cha miligramu 25 kwa siku, kidogo mno kuweza kueleza faida ile kwa mkojo peke yake. Mwaka 2003 dawa ndugu yake, eplerenoni, ilijaribiwa kwa watu 6,632 waliotoka kupata shambulio la moyo siku chache nyuma na moyo wao ukadhoofika, nayo ikapunguza vifo. Watu hao wa chunguzi zote mbili hawakuwa wazazi kama mwenzetu, wengi walikuwa wanaume na watu wazima sana. Lakini moyo uliolegea ni moyo uliolegea, na baada ya mtoto kuzaliwa madaktari wanautibu kwa dawa zilezile.

Tunaandika haya yote marefu kwa sababu ya lililofuata.

Majuma sita baada ya kutoka hospitalini, mwenzetu alikuwa amepona machoni pa watu. Miguu ilirudi, viatu vilimwingia, alipanda ngazi akisimama mara moja tu. Basi akaacha vidonge. Hakumwambia mtu. Fedha zilikuwa zimekwisha, mume hakuwa amelipwa miezi miwili, na yeye mwenyewe aliona kidonge cha kukojoza kwa mtu asiyevimba ni ujinga. Tungemlaumu? Sisi wenyewe tungefanya hivyo. Mtu huacha kwinini homa ikitoka. Hakuna aliyetueleza vizuri siku ile, au labda tulielezwa tukasahau, kwamba miguu kurudi ni kazi ya mkojo, lakini kulinda kiti ni kazi ya kila siku ambayo huioni kwa macho. Kidonge kinaketi kwa muda, kisha kinatoka. Usipokirudisha, mwenyewe anarudi.

Baada ya mwezi alirudi hospitalini amevimba tena. Daktari hakumgombeza. Alitugombeza sisi.

Jumamosi iliyofuata tuligombana. Likelemba ina sanduku la dharura, nalo ni la misiba na moto na mtoto aliyelazwa, si la vidonge vya kila mwezi ambavyo haijulikani vitaisha lini. Yaya mmoja wa kikundi, mwenye kuuza makala, alisema wazi kwamba akianza kulipia moyo wa mmoja, kesho tutalipia tansiyo ya kila mtu. Alikuwa na haki, na hatukupata jibu zuri la kumpa. Tulipiga kura kwa mikono. Ilikuwa 10 kwa 7, mgonjwa hakupiga. Sanduku lingelipa vidonge vinne kwa miezi sita, pamoja na kipimo cha damu.

Kipimo cha damu kina sababu yake, na tafadhali msome hapa polepole. Kiti kikizibwa kwenye figo, potasiamu haitoki vizuri. Ikizidi katika damu, moyo unaweza kusimama ghafla. Baada ya uchunguzi wa 1999 kusifiwa, katika jimbo la Ontario, Kanada, wazee waliolazwa kwa potasiamu nyingi waliongezeka sana, kwa kuwa dawa ilitolewa kwa wingi bila kuangaliwa. Kwa hiyo figo na potasiamu zinapimwa katika siku za kwanza, kisha mara kwa mara. Kidonge hiki hakiazimwi. Jirani yako mwenye miguu mizito asipewe chako. Mama mwenye mimba hakimezi. Na ile chumvi ya badala inayouzwa kwamba ni chumvi ya wagonjwa wa tansiyo, mara nyingi ni potasiamu tupu; anayemeza spironolaktoni asiiguse bila kuuliza.

Jambo jingine la pembeni, kwa ajili ya waume. Kidonge hiki kinaweza kukosea mlango na kuketi pia kwenye kiti cha homoni ya kiume. Katika uchunguzi ule, karibu mwanaume mmoja kati ya kumi alivimba matiti au kuumwa nayo. Wanaume wa namna hiyo huacha dawa kimya kimya na hawamwambii hata mke. Mukiwa na mume au baba mwenye moyo dhaifu, mumuulize kwa upole. Zipo nyingine za kubadilisha, na daktari ndiye anayejua. Na wamama wetu waliofunga uzazi wametuuliza kama nao wameze homoni ya kike, kwa kuwa kiti chake nacho kimo ndani ya moyo na wamesikia inalinda. Watu wengi, hata madaktari, walidhani hivyo. Marekani walijaribu kwa wamama 16,608, na mwaka 2002 walisimamisha kabla ya wakati. Moyo haukulindwa, na madhara yalizidi faida. Kila kiti kina habari yake. Usikijaze wala kukiziba kwa kukisia.

Daktari alimwambia mwenzetu pia asibebe mimba nyingine kabla moyo haujapimwa ukaonekana umerudi, kwa kuwa mimba inaweza kurudisha ugonjwa kwa nguvu zaidi, na hata moyo uliorudi hauna dhamana. Mama mkwe alilipokea vibaya, maana watatu wa kwanza ni wasichana na alitaka kijana wa pili. Tulikwenda wanne kuongea naye. Tulichukua ile karatasi ya daktari. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza kama moyo wa kijana aliyezaliwa uko vizuri, tukasema ndiyo, akanyamaza. Mume alikubali kwenda kwenye uzazi wa mpango pamoja na mkewe, na hilo alilifanya mwenyewe bila sisi kumsukuma.

Ilibaki kwenda kwa koko.

Tuliahirisha mara mbili. Mara ya tatu tulikwenda sita, na sukari kilo mbili na sabuni, na wale watoto wawili wa mawe tukawatanguliza mbele. Mgonjwa mwenyewe alikuja, akapanda polepole. Koko alitukaribisha, akatafuta vibao vya kuketi, havikutosha. Mmoja wetu alianza kueleza habari ya moyo na figo na kiti, kwa maneno mengi kuliko ilivyohitajika, mpaka koko akainua mkono. Akasema: "Ule uji wangu haukuwa na kitu. Hata chumvi sikutia. Siku ile sikuwa na franka ya chumvi."

Hatukuwa na la kujibu. Alipokea sabuni. Sukari aliirudisha, akasema wapewe watoto. Wale wawili wa mawe sasa wanampandishia maji Jumatano na Jumamosi, nasi hatukuwaambia wafanye hivyo.

Ekografi ya mwezi wa sita ilionyesha chumba cha kushoto kimepungua upana. Daktari alisema kinasukuma vizuri zaidi, bado si kama zamani. Vidonge vinaendelea, na sanduku la dharura litapigiwa kura tena mwezi ujao. Yaya wa makala ametuambia mapema kwamba safari hii hajui mkono wake utakwenda wapi. Kwa sasa, kila Jumamosi ya likelemba, kabla ya kuhesabu fedha, mwenzetu anatoa pakiti kutoka kwenye mkoba wake na kuiweka juu ya meza. Tunahesabu vidonge kwanza.